Vidole vinakufa ganzi na goti linauma nikirudi kutoka Bahi. Tatizo ni siti au ni umri?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mtumishi wa umma, miaka 43, kilo 82, nimehamia Dodoma na nimeanza baiskeli mwaka jana. Ninayo ya mbio, mtumba, tairi za milimita 28. Kila Jumamosi tunatoka Ilazo watu watatu saa moja na nusu asubuhi, tunakwenda Bahi na kurudi. Kwenda tunaruka raha mustarehe. Kurudi ndiyo shughuli: tukikaribia Nala, kidole cha mwisho na cha pete vimekufa ganzi mikono yote miwili, goti la kulia linauma kwa mbele, na makalio ndiyo usiseme. Fundi aliniinamishia siti kwa mbele, nikapata nafuu wiki mbili tu. Mwenzangu mmoja ananishauri ninunue siti ya jeli, mwingine anasema ni umri. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, pole, na hongera kwa kuzifikisha hizo kilomita mia na zaidi ndani ya mwaka mmoja. Umri tuuache. Hela ya siti ya jeli nayo kaa nayo kwanza. Jeli inabonyea, mifupa ya makalio inazama, na mzigo unahamia kwenye nyama laini za katikati. Kwa safari fupi ya sokoni haina neno, lakini kwa saa nne inaumiza kuliko siti ngumu yenye upana unaokufaa.

Nafuu uliyopewa na fundi ndiyo iliyokuletea ganzi. Siti ikiinama mbele, mwili unateleza kidogo kidogo kuelekea kwenye hendeli, na kila ukiteleza unajisukuma nyuma kwa mikono bila kujua. Uzito uliotakiwa kukaa kwenye makalio unaishia viganjani. Mara tu baada ya kifundo cha mkono, upande wa kidole cha mwisho, unapita mshipa wa fahamu unaohudumia kidole hicho na nusu ya kile cha pete. Ukiukandamiza saa nzima nzima, vidole hivyo viwili ndivyo vinavyolala. Vingekuwa gumba na cha shahada ningekuuliza maswali mengine kabisa.

Kwa hiyo azima pimamaji kwa fundi ujenzi. Huko Ilazo hawakosekani. Simamisha baiskeli kwenye sakafu iliyo sawa, laza ubao mwembamba juu ya siti kuanzia pua hadi nyuma, weka pimamaji juu yake. Povu likae katikati. Kisha urefu: egemea ukuta, panda ukiwa na viatu unavyoendeshea, weka kisigino kwenye pedali na uishushe hadi chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kulalia upande mmoja. Ukirudisha pedali mahali pake, chini ya ile sehemu pana nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nina hakika kubwa utakuta siti yako iko chini, kwa sababu goti linalouma mbele, kwenye pia ya goti, mara nyingi linalalamikia siti iliyo chini mno au gia nzito. Zungushia utepe kwenye bomba la siti ili ujue ulipoanzia, pandisha milimita 5, endesha wiki moja, ndipo upandishe tena. Goti likianza kuuma kwa nyuma, umepitiliza.

Sasa gia. Ukiwa barabarani hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Likipanda mara 20 hadi 22, unanyonga kama mizunguko 80 hadi 88 kwa dakika, na magoti yatakushukuru. Mara 13 au 14 maana yake unasukuma gogo. Shusha gia hata kama mwendo utapungua.

Na hapo ndipo njia ya Bahi inapokuponza. Upepo wetu, hasa wakati wa kiangazi, unatoka mashariki na kusini mashariki. Bahi iko magharibi, tena bondeni, chini ya mjini kwa zaidi ya mita 200. Huko kuruka unakokusifia ni upepo na mteremko vinakubeba. Chukua mfano: unakwenda kilomita 25 kwa saa na upepo wa 15 mgongoni, hewa inayokupiga kifuani ni ya 10 tu. Geuza ukitaka 25 ile ile, inakupiga kwa 40. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili, kwa hiyo hewa mara nne ni kizuizi mara kumi na sita. Watu wanang'ang'ania gia waliyoendea, kunyonga kunadorora, goti linalipa.

Geuzeni safari. Tokeni saa kumi na mbili, kabla jua halijauamsha upepo, mkashike njia ya Nzuguni, Ihumwa, Mtumba hadi Chamwino, kilomita thelathini na kitu. Mnaupokea upepo ukiwa bado mchanga na miguu mipya, mnarudi unawasukuma. Malori ni mengi barabara ile: nendeni mstari mmoja, mkiwa na vesti za kuakisi mwanga. Nusu saa ya kwanza uweze kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Wa mbele akishakata upepo dakika mbili tatu, apishe.

Viwiko vikunjwe kidogo, kifundo kisivunjike kwenda chini, na mikono ihame kila baada ya dakika chache, mara juu ya vishikio vya breki, mara juu ya hendeli. Tairi za 28 kwa kilo zako zijazwe upepo wa PSI 70 hadi 80, kipimo kinachosomeka kwenye pampu. Ukijaza hadi zigonge kama jiwe, kila kokoto litapanda hadi kwenye kiganja. Kunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kila saa, hata usipoona jasho, maana hewa kavu ya Dodoma inalikausha kabla hujalihisi.

Ganzi ikidumu zaidi ya siku mbili tatu, au ukishindwa kufunga vifungo vya shati, pumzisha baiskeli uende hospitali. Vivyo hivyo ganzi ya sehemu za siri. Wanaume wengi wanaionea aibu, wewe usiifiche.

Ukirudi kutoka Chamwino, vua glavu utazame kiganja upande wa kidole cha mwisho. Kama pana wekundu wa kukandamizwa, huenda pua ya siti ingali imeinama. Rudia pimamaji, kisha uniandikie umekuta nini.