Buibui nilimsingizia tu

Swali lenu la wiki hii ni "Ukishuku umeng'atwa na buibui nyumbani unafanya nini?" Mi nitajibu kwa kukiri, nilishaua ukoo mzima wa buibui bure.

Ilikua msimu wa mvua hapa Nairobi, nikaamka shingo inaniwaka kama imepakwa pilipili, nikaona kamstari kekundu, kesho yake malengelenge. Mama jirani kuangalia tu akasema wee umekojolewa na buibui, paka dawa ya meno. Nikapaka. Alafu nikanunua dawa ya kupuliza nikamaliza buibui wote, nyuma ya kabati, juu ya mita ya stima, chini ya kitanda, na vile dawa ilikua inanuka tukalala madirisha wazi na taa ya veranda inawaka usiku kucha.

Siku mbili baadaye kijana wangu anaamka jicho limefura halifunguki. Hapo ndo nilikimbia kliniki, na daktari hata hakuuliza mambo ya buibui, aliuliza "Usiku mnawasha taa ya nje?" Kumbe ni Nairobi flai, kale kamdudu kembamba keusi na chungwa unaweza dhani ni siafu. Hakang'ati wala hakadungi, sumu iko ndani ya mwili wake inaitwa pederini, sasa ukikaponda kwa ngozi inamwagika, na malengelenge yanakuja kesho yake au kesho kutwa wakati hata hukumbuki uligonga kitu usingizini. Ukijikuna alafu ushike jicho unahamisha sumu. Wanapenda taa na wanaongezeka mvua ikizidi, wazee wanakumbuka 1998 baada ya El Nino vile walisumbua watu. Yani mi nilikua nimewafungulia mlango! Kakikutembelea usikapige, kapulize na mdomo ama ukatoe na karatasi, alafu uoshe hapo na sabuni na maji mengi.

Sisemi buibui hawang'ati. Kuna yule wa kahawia mwenye alama ya chungwa chini ya tumbo kama saa ya mchanga, anapenda kukaa chini ya viti vya plastiki na kwa vyoo vya nje, so geuza kiti kabla ukalie. Ukiwa umemwona kweli akikuuma, osha na sabuni, weka kitambaa baridi, umeze panadol. Wembe na kunyonya sumu hapana jamani. Misuli ikianza kukaza, tumbo liume, jasho likutoke ovyo, ama kama ni mtoto, enda hospitali na usingoje asubuhi. Na kidonda kinachojaa usaha bila kuona buibui yeyote, mara nyingi ni jipu tu.

Kwetu ni Mbita kule Ziwa Victoria, na kuna kabuibui ka kuruka wanasayansi walikachunguza hukohuko wakaandika 2005 kwamba kanachagua mbu jike aliyeshiba damu. Nikisoma hiyo nikakumbuka ile dawa niliyopuliza nikajiskia vibaya kidogo.

Sai taa ya veranda inazimwa saa mbili, neti iko kwa dirisha, na tokeni za stima zinakaa. Juu ya mita kuna buibui mwingine amehamia. Mama watoto anataka atoke, nimemwambia nitamtoa na glasi na kadi wikendi, sasa ni wikendi ya tatu.