Oili Inavuja: Je, Giaboksi Ishushwe?

SWALI: Kila asubuhi nakuta matone meusi ya oili mahali gari lilipolala. Fundi alibadilisha gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), lakini muda si mrefu uvujaji ukarudi. Sasa anasema ni lazima giaboksi ishushwe ili abadilishe sili ya nyuma ya krankshafti. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu bado. Sili hiyo, yaani mpira unaozuia oili pale krankshafti (mhimili mkuu wa injini) inapotokea kuelekea giaboksi, ni kitu kidogo, ila kuifikia ndiko kazi yenyewe, na ushahidi alionao hautoshi. Oili inayotoka juu hutiririka chini, na gari linapokwenda upepo huisukuma nyuma. Kwa sababu hiyo, gasketi iliyokakamaa ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) inaweza kulowesha maungio ya injini na giaboksi, pale pale ambapo sili mbovu ya krankshafti ingeonekana.

Mwombe kwanza aioshe injini ikiwa imepoa, kwa dawa ya kuondoa grisi, akiwa amefunika altaneta na viungo vya nyaya. Ikishakauka, endesha kwa dakika 15 hivi hadi ipate moto, kisha mmulike kwa tochi kuanzia juu, mkitafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Kama hamwoni kitu, mpulizie poda nyeupe injini ikiwa imezimwa. Oili itachora mstari mweusi. Msiisahau filta: mara nyingine mpira wa filta ya zamani hubaki umeganda kwenye injini, ile mpya ikafungwa juu yake, na oili ikapenya presha inapopanda. Swichi ya presha ya oili na nati ya sampu huangaliwa kwa dakika chache tu.

Hata ikithibitika kwamba ni sili, kuna swali ambalo mafundi wengi hulipuuza: je, injini inapumua? Gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia chini, na vali ya kupumulia inayozitoa gesi hizo ikiziba kwa masizi, presha hujaa ndani na kutafuta njia kwenye sili iliyo dhaifu, hivyo sili mpya nayo itavuja. Injini ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili kwa tahadhari: moshi ukitoka kwa nguvu, shuku vali hiyo au ringi zilizolika.

Ikiwa kosa liko kwenye tapeti kava, gasketi ya zamani ikwanguliwe yote, kisha bolti zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati, kwa kipimo cha mtengenezaji, kwani kukaza kupita kiasi hupinda kava na kuiminya gasketi nje. Silikoni ya kupakaza ovyo siiafiki hata kidogo. Vipande vyake huweza kudondoka ndani na kuziba chujio la pampu ya oili.

Kwa sasa pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Ukisikia harufu ya oili inayoungua au ukiona moshi karibu na ekzosi, zima injini na usiliendeshe tena gari mpaka litengenezwe, kwa kuwa oili inayodondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka.