Atakanda mara 6, na unga wa nusu kilo utabaki

Swali lilikuwa: mtu ana unga kilo 5, na kila mkando wa mahamri unakula robo tatu ya kilo; atakanda mara ngapi, na utabaki unga kiasi gani? Nusu kilo ndiyo inayobaki, si ⅔ ya kilo kama wengi mlivyojibu. Hesabu yenyewe: 5 ÷ ¾ = 5 × 4/3 = 20/3, yaani 6⅔. Mpaka hapo wengi mko sawa. Ila hiyo ⅔ ni ya mkando mmoja, maana mlikuwa mkihesabu ¾ inaingia mara ngapi ndani ya 5. Ukitaka kilo, zidisha tena: ⅔ × ¾ = ½. Hakikisha: 6 × ¾ ni 4½, ongeza ½, unarudi kwenye 5.

Aliyeleta jibu la mikando 3¾ amezidisha 5 kwa ¾ badala ya kugawanya. Angeshtuka mapema: mkando mmoja hautimizi hata kilo, basi kilo 5 lazima zitoe mikando zaidi ya 5. Na wa 3/20 kageuza namba siyo. Inayopinduliwa ni ya kugawanyia tu, ile 5 haiguswi.

Lakini swali lingesema "ametumia ¾ ya unga wote", hapo kweli ni kuzidisha, na kilo 3¾ lingekuwa jibu.