Nimetoa ushuhuda wa uongo kanisani, sasa natokaje?

SWALI: Bwana asifiwe Shangazi. Mimi nina miaka 36, nina mke na watoto wawili, naishi Magongo, kanisani naongoza ushirika wa nyumbani na niko kamati ya ujenzi. Februari niliachishwa kazi kwa yadi ya makontena nilikokuwa karani. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Kila asubuhi navaa rifleksta napanda matatu mpaka tauni, nakaa Mama Ngina kule Laithausi nahesabu meli zikiingia Kilindini mpaka saa kumi, nikirudi nasema nimechoka na kweli huwa nimechoka. Sasa kuna ndugu wa ushirika wetu ni dereva wa lori, akaniuliza mbona hanioni tena getini, nikamwambia nimepandishwa cheo niko ofisini siku hizi. Jumapili hiyo pasta akauliza nani ana ushuhuda, jamaa akanitaja! Nikasimama nikashika maiki nikamshukuru Mungu kwa cheo ambacho hakipo, watu wakapiga vigelegele, nikaahidi na elfu 50 za mabati, mke wangu akalia kwa furaha. Nimetoa elfu 20 kwa mkopo wa app. Sasa app tatu zinanidai na moja inatishia kutuma meseji kwa namba zote za simu yangu, na pasta yumo. Nikiungama natolewa uongozi, nisipoungama naumbuka. Nifanyeje? — Karani, Magongo

JIBU: Amina mwanangu. Nilikuwa nasoma yako nikivuka na feri, na hapo mke alipolia ilibidi nizime simu kwanza niangalie maji.

Kupoteza kazi hakuna aibu, hapa Mombasa nani asiyejua habari za yadi, tangu ile 2019 mizigo ya bara ilipoamriwa ipande reli ya SGR watu wangapi walirudi nyumbani na barua mkononi, na hata 2022 serikali iliposema shughuli za kukomboa mizigo zirudi huku si wote walioitwa tena. Lakini najua kwa nini ulificha. Makanisa yetu maiki hupewa aliyepata, aliyepata visa, aliyepata gari, aliyepata mtoto. Mimi sijaona mtu akasimama akasema nimefutwa kazi na sina rent halafu apigiwe vigelegele. Kwa hiyo kosa ni lako, lakini pasta na kamati nao wajiulize.

Na ule mstari unaokukosesha usingizi naujua, Anania na Safira, Matendo 5, wale mume na mke waliouza shamba wakaficha sehemu ya pesa. Hebu usome tena polepole. Petro alimwambia Anania shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza pesa zilikuwa mikononi mwake. Kumbe shida haikuwa kubakisha, shida ni kuleta sehemu akijifanya ameleta zote. Hata wewe hakuna aliyekudai elfu 50.

Usianzie kwa maiki. Anza na mke, leo usiku watoto wakilala, na umwambie zote, meli, app, cheo, kila shilingi, fungua simu ajionee mwenyewe manake ukimpa nusu utakuwa Anania wa chumbani. Usimwambie ulikuwa unamlinda na tafadhali usimsomee mistari. Atakasirika sana, na si kwa sababu ya kazi, ni kwa hiyo miezi yote aliyokupikia chai ya asubuhi uende kuangalia meli. Mwache akasirike.

Halafu pasta, kabla app haijamfikia. Mwambie utoke kamati mwenyewe usingoje kutolewa, na zile elfu 30 zilizobaki sema huna, basi. Kuhusu app, kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kusumbua watu walio kwenye simu yako kwa deni lako, kwa hiyo piga skrinshoti za vitisho na ulalamike huko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni bado utalipa lakini, na usikope app ya nne kulipa ya tatu!

Sasa maiki. Bibi yangu Taita alikuwa mtu wa ule uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930, wao waliita kutembea nuruni, mtu anasimama kwa ushirika anasema nimemchukia jirani, nimeiba mahindi. Bibi aliupenda sana lakini alikuwa anatucheka pia, anasema kuna waliotubu kila wiki ili wasikike tu, na kuna waliobeba toba za wenzao mpaka kisimani. Kwa hiyo toa kanisani kile tu ulichokosea kanisani. Nilisema nimepata cheo, haikuwa kweli, sina kazi, nisameheni. Kaa chini. Habari za madeni na ndoa yako si za benchi ya nyuma.

Na yule ndugu wa lori mfuate mapema, hata kabla ya Jumapili. Yeye kila siku anaingia yadi hii anatoka ile, nafasi ya karani ikitokea yeye husikia kabla haijabandikwa getini, ila miezi yote hii hakuwa na sababu ya kukuambia wewe, si una cheo.