Je, miwani inaharibu macho ya mtoto?

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ameandikiwa miwani ya -1.50. Bibi yake anasema akiivaa macho yatazidi kulegea. Nifanyeje? – Mama, Tabata

JIBU: Mvalishe, mama. Alama ya kutoa (-) ina maana haoni vizuri mbali: jicho lake limerefuka, taswira inaangukia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira. Bila miwani anaona vizuri hadi sentimita 67 hivi, ubaoni ni ukungu. Namba ya miwani ikipanda ni kwa sababu jicho linaendelea kurefuka anapokua, si miwani. Kumpa makusudi lenzi hafifu kuliko anayohitaji, wanavyoshauri wengine, hakusaidii. Acheze nje mchana, kwa muda wa kama saa mbili kila siku. Apimwe tena baada ya miezi 6 hadi 12, kwa matone ya kulegeza misuli ya jicho kwa muda. Bila matone namba huweza kuzidi. Zile miwani za kuchagua barabarani Kariakoo achaneni nazo: kwa kawaida ni za kusomea, zitamwongezea ukungu.