Kampuni mbili, bei mbili: tutegemee nini kwenye video ya chama chetu?

SWALI: Habari za kazi, ndugu mtaalamu. Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya wakulima wa kahawa wilayani Mbozi. Mkutano mkuu umepitisha tutengeneze video ya dakika tano ya kuwaonyesha wanunuzi jinsi tunavyochuma, tunavyomenya na tunavyoanika kahawa yetu. Kampuni moja inataka shilingi 900,000, nyingine 3,800,000. Zote zinasema zina kamera ya 4K na droni. Wajumbe wanataka tuchukue ya bei nafuu. Kitaalamu tutegemee nini? Na picha zote zitakazopigwa zitakuwa mali ya nani?

JIBU: Ndugu katibu, poleni na majukumu. Hela ya mkulima ina jasho lake, kwa hiyo nitakujibu kama ambavyo ningemjibu baba yangu mdogo aliyeko huko huko Mbozi na mibuni yake.

Hilo neno 4K liwekeni pembeni. Ni ukubwa wa picha tu, vitone 3840 kwa 2160, na siku hizi hata simu nyingi zinao. Kinachozitenganisha bei hizo mbili, mara nyingi, ni siku za watu. Warudieni wote wawili, kila mmoja aandike: siku ngapi za kutembelea shamba kabla ya kushuti, siku ngapi za kushuti na watu wangapi, siku ngapi za kuediti. Kwa kazi kama yenu mimi huweka siku moja ya kutembelea, mbili za kushuti, na wiki nzima ya kuediti. Anayekuja asubuhi, akaondoka jioni, na keshokutwa akawaletea video, hajawaibia. Ameziondoa siku hizo kwenye bei, basi. Wajumbe wajue hivyo kabla ya kupiga kura.

Siku ya kutembelea ndiyo wateja wengi huniomba niifute, na ndiyo ninayoing'ang'ania. Kahawa huchumwa mchana na kumenywa jioni ya siku hiyo hiyo. Timu isiyojua hilo itafika saa tatu asubuhi, itakuta mtambo umezimwa, na wakulima wataombwa waigize kumenya. Mnunuzi anayeijua kahawa ataliona hilo mara moja. Halafu kuna jua. Mbozi iko magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchelewa kuchomoza na kuzama kwa zaidi ya dakika 20. Nimeona timu za kutoka Pwani zikifungasha vifaa jioni wakati mwanga mzuri ndio kwanza unaingia kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Saa sita na saa saba mchana msikubali mahojiano ya juani: wakulima wenu watavaa kofia, na uso wote utakuwa kivuli.

Sauti ni jambo ambalo karibu hakuna mteja anayeniuliza, nami naliona kubwa kuliko kamera. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo; maneno yasiyosikika anayaacha palepale. Ulizeni kama kila anayehojiwa atabandikwa kipaza sauti kidogo kwenye kola, na kama kuna mtu atakayevaa hedifoni muda wote akisikiliza. Mwezi wa saba mmoja, miaka yangu ya mwanzo, nilifanya mahojiano shambani Njombe kwa kutegemea maiki ya juu ya kamera. Upepo wa baridi ulikuwa unapita, sikuuchukulia kama kitu. Nilipofika nyumbani nikasikia mvumo tu, asubuhi nzima imeharibika. Nilirudi kwa nauli yangu, na yule mama aliyekuwa amesema maneno mazuri kuliko wote hakuweza kuyasema tena vile.

Droni ni nzuri kwa vilima vya Mbozi, lakini ombeni muone karatasi. Urushaji unahitaji vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya Wizara ya Ulinzi. Betri moja kwa kawaida huruka nusu saa hivi tu, kwa hiyo aliyekuja na betri moja ana dakika chache sana za kuwapa.

Marekebisho ndiyo yanayovunja urafiki. Mkataba useme ni mara ngapi. Mimi hutoa mara mbili, ya tatu inalipiwa. Nanyi kwa upande wenu mchague mtu mmoja wa kukusanya maoni. Mkiitupa video kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe, mwenyekiti atataka hotuba yake irefushwe, mhasibu atataka ikatwe, na mhariri atabaki hajui amsikilize nani. Tena WhatsApp huibana video, kwa hiyo msiupimie ubora huko.

Sasa picha ghafi, yaani zote zilizorekodiwa kabla ya kuediti. Msibahatishe: iandikwe kwenye mkataba ni za nani, maana kampuni nyingi huhesabu kwamba mmenunua zile dakika tano zilizokamilika na si zaidi. Mimi huwapa wateja wanaozitaka, kwa malipo kidogo, ila waje na diski yao. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja. Saa tano za picha ni gigabaiti 225. Fleshi ya katibu haitatosha. Andikeni pia kampuni itazitunza kwa muda gani, na kwamba zikae kwenye diski mbili tofauti tangu jioni ya kwanza.

Muziki uwe wenye leseni, si wimbo unaovuma redioni, kwa sababu kazi za wasanii zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Wakulima watakaoonekana wasaini ridhaa, na kwa mtoto asaini mzazi. Malipo: nusu kabla, nusu mkikabidhiwa. Msilipe yote mwanzoni hata kwa mtu mnayesali naye.

Kwa hayo uliyonieleza, siwezi kusema ya bei kubwa ndiyo bora. Kama ile ya 900,000 itakubali kuongeza siku ya kutembelea na vipaza sauti, ikapanda hadi milioni moja na nusu, mimi ningeichukua, mradi wawe watu wanaoweza kurudi kirahisi kitu kikikosekana. Lakini sainini kabla ya Mei. Juni hadi Agosti mibuni ina matunda mekundu, mtambo unafanya kazi na vichanja vimejaa. Mkichelewa mkafika Novemba, mvua imeanza, vichanja ni vitupu, na itabidi msubiri mwaka mwingine.