Usimpeleke mama Mwea mwezi wa Aprili eti kwa sababu "ni tambarare"

Dada, usitume hizo pesa bado.

Umeandika kwamba mama yako ana goti linalomsumbua, daktari amemhimiza atembee ila asipande milima, na umeona tangazo la matembezi ya Aprili kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea: kilomita kumi na mbili, "tambarare tupu, hata shosho anaweza". Unauliza kuhusu viatu, chakula, nauli, na kama watoto wako wawili watamaliza. Hayo maneno ya shosho, yaani bibi mzee, ndiyo yaliyonitoa kimya changu. Sisi pia tuliuziwa hivyo hivyo, msimu huu huu, na mpaka leo shangazi yangu akishuka ngazi za kwake Umoja anashikilia ukuta.

Kanuni ni moja na nitairudia mpaka unichoke: kwenye nchi tambarare usiulize kilima, uliza udongo na mvua. Kama kumenyesha siku mbili tatu zilizopita, usikanyage nje ya barabara ya murram, ile ya changarawe iliyoshindiliwa. Hata ramani ikionyesha njia, hata kiongozi akisema ni hatua chache tu, hata jua likiwa linawaka.

Wengi wetu hapa Nairobi tunapotea kwa sababu tumezoea udongo mwekundu. Mvua ikinyesha usiku Karura au Limuru, asubuhi utateleza kidogo, mchana maji yashazama na unatembea. Sasa muulize mtu aliyejenga Syokimau, Kitengela au Embakasi kuhusu ule udongo mweusi. Fundi anauchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi, maana ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na kuta zinapasuka pamoja nao. Sehemu kubwa ya mashamba ya mpunga ya Mwea ni udongo wa aina hiyo hiyo. Ndiyo maana mpunga unastawi pale: maji yanakaa juu, hayaendi popote. Mkulima wa pishori, ule mchele wa Mwea, anamshukuru Mungu kwa hilo. Mtu mwenye goti bovu hana cha kushukuru.

Siku yetu ilianza vizuri, siwezi kudanganya. Tulipanda matatu ya Embu pale Tea Room, tukapita Thika na Kenol, Makutano tukaingia barabara ya Embu, na mapema tu tulikuwa Wang'uru, mji ambao wengi wanauita Mwea basi. Tukashika barabara ya murram kando ya mfereji mkubwa. Ile ni njia nzuri: pana, imeinuliwa, lori la mpunga linapita. Yangeyange wamejaa kila mahali, korongo wamesimama majini, mashamba mengine yana mpunga wa kijani na mengine yamelimwa yakajazwa maji yanameremeta. Mama alikuwa akimsimulia shangazi kwamba mifereji ya pale ilianza kuchimbwa miaka ya 1950 na watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, na wote wawili wakanyamaza kidogo wakiyatazama yale maji. Kama tungefuata murram ile mpaka tuchoke kisha tugeuke turudi nayo, leo ningekuwa nakusihi uende.

Lakini kiongozi akatutoa kwenye murram.

Alikuwa na mstari kwenye simu yake, unakata mashambani moja kwa moja kwenda kushika mfereji mwingine. Akasema tutaokoa saa nzima. Usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa kumenyesha. Tuliona madimbwi njiani. Na kule Mlima Kenya wingu lilikuwa jeusi, wakati Wang'uru jua linachoma. Thiba na Nyamindi, mito inayonywesha yale mashamba, inatoka huko juu. Ikinyesha mlimani, maji yatakufikia wewe uliye chini ambaye hujaona hata tone. Mzee mmoja kwenye msafara alisema tusubiri tuulize wenyeji. Akaambiwa asiwatie watu hofu.

Hatua za kwanza hazikuwa na neno. Kisha kiatu kikaanza kuongezeka. Udongo ule haudondoki, unajishika wenyewe tabaka juu ya tabaka, unakusanya nyasi na mabua ya mpunga, mpaka chini ya mguu una kitu kipana kama sinia na kila unapouinua unahisi nyonga inavutwa. Unasimama, unakwangua na kijiti, unaenda hatua sita, umerudi palepale. Dada mmoja soli ya raba yake ilibaki ardhini, nzima, sehemu ya juu ya kiatu akabaki nayo mguuni. Ndiyo sababu sikujibu swali lako la viatu. Hakuna kiatu cha duka lolote Nairobi kinachotibu udongo ule ukishalowa.

Tukaambiwa tupande juu ya matuta yanayotenganisha majaruba. Tuta lenyewe linatosha mguu mmoja, juu limelainika, na pande zote mbili ni maji. Mwenyeji anapita pekupeku, vidole vinashika, amezoea tangu utoto. Shangazi aliweka mguu, tuta likamegeka, mguu ukashuka na kunaswa, mwili ukaenda upande wa pili. Nililisikia goti kabla sijamsikia yeye.

Mwenye shamba alikuja mbio na jembe, amekasirika, na alikuwa na haki yake. Maji yale hugawanywa kwa zamu, na sisi tulikuwa tumemtobolea tuta, yanamwagikia kwa jirani. Aliliziba kwanza. Kisha akamwona shangazi ameketi kwenye tope, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Leo hata trekta imelala nyumbani, na nyinyi mmetoka Nairobi kuja kutembea?" Nilicheka wakati ule kwa sababu kulikuwa hakuna lingine la kufanya. Wanawe ndio waliombeba mgongoni kwa zamu mpaka kwenye murram. Bodaboda haingeweza kufika pale tulipokuwa, na hilo likumbuke, maana ndilo nitakalokuja kukwambia umuulize mwenye tangazo. Kano za goti zilikuwa zimekatika. Picha, upasuaji na miezi ya mazoezi ya viungo vilikula pesa alizokuwa akiweka kwenye chama cha akiba tangu astaafu.

Na kiongozi wetu? Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuwa amewahi kuikanyaga njia ile. Alikuwa ameichora kwa kidole juu ya picha ya setilaiti iliyopigwa mashamba yakiwa makavu. Nilipompigia simu akaniambia, "Lakini hakukuwa na kilima hata kimoja." Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake. Pesa hakurudisha, eti tulikubali masharti tulipolipa. Inaniuma mpaka sasa, kwa sababu watu wanaokuja kwenye matembezi ya tambarare ndio hasa wale ambao miili yao haiwezi kusamehe: wazee, wenye magoti, waliotoka hospitalini, wenye watoto. Wapanda milima wakiongozwa vibaya wana miguu ya kuwaokoa. Mtu akikusanya pesa za kina mama wa namna hiyo, angalau awe amekwenda mwenyewe msimu ule ule, atembee, achafuke.

Tena kuna jambo la watoto wako, na hapa nakuomba usome polepole. Tulipotoka kwenye tope, yuleyule kiongozi aliwaambia watu waoshe miguu mferejini. Wengi wakavua viatu wakaingia mpaka magotini. Mwea inajulikana miaka mingi kwa kichocho. Konokono wadogo wa majini ndio wanaobeba vijidudu vyake, na si lazima unywe maji. Vinapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama tu ndani ya maji. Mmoja wetu alianza homa na maumivu ya tumbo wiki kadhaa baadaye, akazunguka kliniki akipewa dawa za malaria na taifodi, mpaka daktari mmoja alipomuuliza kama ameingia kwenye maji ya mashamba. Akapimwa, akapewa praziquantel, akapona. Watoto wakiona mfereji ule siku ya jua kali watataka kuruka ndani. Wabebee maji ya kuoshea miguu kutoka nyumbani.

Usinielewe kwamba Mwea ni pabaya. Nimerudi tena na nitarudi. Nenda Januari au Februari, ardhi ikiwa imeshika. Hata wakati huo baki kwenye murram ya mfereji mkubwa, kwa sababu udongo ule ukikauka unafungua nyufa ambazo kisigino kinaingia. Tembeeni kwenda na kurudi njia ileile. Watu hudharau hilo, wanataka mzunguko, lakini mama akichoka mahali popote pale atakaa chini, mtapiga simu, na bodaboda itamfikia. Anzeni saa moja asubuhi, hakuna kivuli cha maana, na jioni mbu ni wengi, na malaria iko.

Siku mbili kabla ya safari tafuta mtu aliye Wang'uru, hata mwenye hoteli, umuulize tu kama kumenyesha. Na mkifika, kabla ya kuanza, tazama pikipiki za stejini. Tope jeusi likiwa limejaa kati ya gurudumu na madigadi, au madigadi zenyewe zimeng'olewa, usibishane na mtu, mnywe chai, nunueni pishori, mpande matatu mrudi. Mtu wa bodaboda haongopi na gurudumu lake.

Kwa Aprili hii mpeleke mama Arboretum, ile bustani ya miti hapa Nairobi, au Karura kwenye zile njia pana zilizoshindiliwa, siku ambayo haikunyesha usiku. Atapata mazoezi yake bila kuvuka tuta la mtu. Na huyo atakayekwambia mvua ya mwaka huu ni kidogo, mkumbushe Aprili 2024 ilivyoanza, na ilivyoishia kwa mafuriko Mathare na Athi River.

Sasa mpigie mwenye tangazo leo. Muulize ni lini mara ya mwisho alitembea njia hiyo kwa miguu yake, kama kuna mahali mnatoka kwenye murram, na kama bodaboda inaweza kumfikia mama kila hatua ya safari. Akianza kukueleza habari za vilima, umeshajua. Lete majibu yake hapa kabla hujalipa.